Jinsi ya Kuandaa Mashindano ya Kila Mwaka ya Tenisi ya Viti Mwendo Mtaani Kwenu

Wengi wakipata wazo la kuandaa mashindano haya hukimbilia kwanza kombe, fulana na mgeni rasmi. Hayo yaache mpaka mwisho. Maswali yanayoamua kama mashindano yatafanyika, na kama yatarudi mwaka wa pili, ni matatu: mchezaji atafikaje uwanjani, atacheza akiwa kwenye kiti gani, na akibanwa na haja ataingia choo kipi. Ukishapata majibu hayo, tenisi yenyewe ni rahisi kuipanga.

Mwongozo huu ni kwa vikundi vya mtaani, klabu ndogo na vyama vya watu wenye ulemavu. Saa na hali ya hewa nimezipima kwa Dar es Salaam, lakini ukiwa Tanga, Mombasa au Arusha utabadilisha kidogo tu.

Ujue mchezo kabla ya kuuandalia mashindano

Tenisi ya viti mwendo ilianza Marekani mwaka 1976, pale Brad Parks, kijana aliyepooza miguu baada ya ajali ya kuteleza kwenye theluji, alipoanza kuupiga mpira akiwa kwenye kiti chake. Mchezo ulionyeshwa Paralimpiki ya Seoul mwaka 1988 na kuanza kugombewa medali rasmi Barcelona mwaka 1992. Afrika imetoa mabingwa wakubwa. Lucas Sithole wa Afrika Kusini alitwaa US Open mwaka 2013 katika daraja la kwadi (la wachezaji ambao ulemavu umegusa mikono pia), na Mwafrika Kusini mwenzake Kgothatso Montjane alicheza Wimbledon mwaka 2018, kisha akashinda French Open ya wawili wawili mwaka 2023 pamoja na Mjapani Yui Kamiji. Simulia habari hizi unapokwenda kuomba uwanja au udhamini, kwa sababu bado kuna viongozi wanaodhani unawaomba msaada wa huruma.

Uwanja ni uleule, wavu ni uleule, raketi na mipira ni zilezile. Tofauti kubwa ni kwamba mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili kabla ya kurudishwa, na ule mdundo wa pili unaweza kuwa nje ya mistari. Hapo ndipo waamuzi wapya wanapokosea sana: wanaona mpira umedunda nje, wanapaza sauti "auti!", kumbe mdundo wa kwanza ulikuwa ndani na mchezaji yuko njiani kuufuata.

Kiti kinahesabiwa kuwa sehemu ya mwili. Mpira ukikugonga gurudumu, umepoteza pointi, kama ambavyo ungekugonga mguu. Unapopiga mpira, tako moja angalau liwe limegusa kiti. Kujiinua ili ufikie mpira wa juu hakuruhusiwi. Kwenye sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, mchezaji anasimamisha kiti kwanza, halafu anaruhusiwa kusukuma magurudumu mara moja tu kabla ya kupiga, na magurudumu yabaki nyuma ya mstari mpaka mpira upigwe. Miguu haitumiki kama breki wakati kiti kinakwenda.

Kimataifa kuna daraja la wazi, la wanaume na la wanawake, kwa wenye ulemavu wa kudumu wa viungo unaowazuia kukimbia uwanjani. Na daraja la kwadi, kwa wale ambao ulemavu umegusa mikono pia. Mchezaji wa kwadi anaweza kufungiwa raketi mkononi kwa bendeji au tepu, na asiyeweza kurusha mpira wa sevu anaruhusiwa kudondoshewa na mtu mwingine. Kwa mashindano ya mtaani huna haja ya jopo la madaktari. Zungumza na kila mchezaji, angalia anavyoshika raketi na kusukuma kiti, kisha mpange kwenye kundi ambalo mechi zitakuwa za haki.

Tarehe

Mashindano ya kila mwaka yanahitaji tarehe ambayo watu wanaikariri bila kuulizana. Dar, dirisha zuri ni Juni hadi Septemba: masika imekatika, vuli haijafika, na joto limepungua. Epuka siku zinazozunguka Saba Saba na Nane Nane, maana magari ya kukodi huadimika na maofisa wote wako kwenye maonyesho. Angalia pia Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja; kwa sasa iko mbali na miezi hiyo, lakini kamati ya miaka ijayo itabidi ikumbuke.

Kuna kishawishi cha kuweka mashindano tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu. Mimi nashauri usifanye hivyo. Siku hiyo wachezaji wako wanahitajika kwenye maandamano na hotuba, mvua za vuli zinaweza kukuvuruga, na mechi zitakatizwa kila gari la kiongozi linapoingia. Wachezaji wanastahili wikiendi ambayo tenisi ndiyo shughuli kuu.

Anza maandalizi miezi sita kabla. Mapema kabisa muone afisa michezo wa wilaya na chama cha tenisi cha mkoa au taifa, hata kama huhitaji fedha zao. Wao ndio wenye waamuzi, na barua yao inafungua milango ya klabu. Serikali ya mtaa na polisi waandikie wiki chache kabla, kwa ajili ya mkusanyiko.

Uwanja: nenda na futikamba, na nenda na mchezaji

Usiamini ukiambiwa kwa simu kwamba "hapa panafikika." Nenda mwenyewe ukiwa na futikamba, na umchukue mtu mmoja anayetumia kiti mwendo. Yeye ataona ndani ya dakika tano mambo ambayo wewe utapita juu yake bila kuyaona.

Anzeni getini. Kiti cha michezo kina magurudumu yaliyolazwa, juu yamesogeleana na chini yametanuka, ili kigeuke haraka bila kupinduka. Kwa hiyo upana wake chini unakaribia mita moja, wakati mageti mengi ya wavu kwenye viwanja vyetu ni membamba kuliko hapo. Kama geti halitoshi kuna njia mbili: kung'oa geti na fremu yake kwa siku mbili hizo, au kuingiza viti vikiwa vimechomolewa magurudumu na wachezaji waingie kwa viti vyao vya kila siku, wahamie ndani. Njia ya pili inawezekana, ila inakula muda na inahitaji nafasi ya kivuli ndani ya uzio.

Kisha pimeni ngazi. Kipimo kinachotumika ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu wa mteremko. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji basi mteremko wa mita 1.8. Seremala anaweza kuutengeneza kwa plaiwudi nene iliyowekewa mbao chini ili isibonyee, na kingo ndogo pembeni gurudumu lisitoke. Mwambie asipige rangi inayoteleza.

Uso wa uwanja una maana kubwa. Saruji au lami iliyopakwa rangi ndiyo rahisi zaidi kusukumia kiti. Uwanja wa udongo unachezeka, lakini ukilowa unakuwa mzito kama unasukuma mkokoteni, na magurudumu huacha mifereji, hivyo weka mtu wa kuufagia kila mechi inapoisha. Nyasi ziache. Kwenye saruji, tafuteni nyufa na vijiwe: ufa ambao mkimbiaji anauruka unaweza kunasa gurudumu dogo la mbele na kumrusha mtu.

Nafasi ya nyuma ya mstari ni muhimu kuliko kwenye tenisi ya kawaida, kwa kuwa mchezaji anayefuata mdundo wa pili hurudi mbali na hawezi kusimama ghafla. Viwanja vya mashindano huachiwa mita 6.40 nyuma na mita 3.66 pembeni. Uwanja wenu ukiwa na pungufu, ondoeni mabenchi, ndoo na viti vya plastiki vyote vilivyo ndani ya uzio.

Mwisho, choo. Hapa pasiwe na aibu ya kuuliza. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 angalau, ikiwezekana 90. Ukikosekana, ng'oa mlango wa chumba kimoja na utundike pazia zito. Ndani pawe na nafasi ya kugeuza kiti, choo cha kukaa, kitu imara cha kushikilia, maji yanayofikiwa na mtu aliyekaa, na ndoo yenye mfuniko kwa wanaotumia mirija ya mkojo. Kama kuna choo cha shimo tu, seremala atengeneze kiti chenye tundu kinachokaa juu yake bila kuyumba. Sakafu ifagiliwe na kukaushwa kila saa, kwa sababu kuna watu watakaojishusha chini kwa mikono. Wapo wachezaji ambao, wakishajua kwamba choo hakifikiki, huacha kunywa maji tangu asubuhi. Mtu huyo akicheza juani mnahatarisha uhai wake.

Viti ndivyo vinavyopanga ratiba

Kwenye mashindano ya kawaida ratiba hutegemea idadi ya viwanja. Hapa inategemea viti vya michezo, kwa kuwa ni vichache na wachezaji wengi hawana vya kwao. Kabla ya kutangaza chochote, orodhesha viti vilivyopo: vya klabu, vya chama, vya mchezaji mmoja mmoja anayekubali kuazima. Kwa kila kiti andika upana wa sehemu ya kukalia, hali ya tairi, kama mikanda ipo, na kama kigurudumu cha nyuma kinachozuia kupinduka kinafanya kazi. Kiti kisicho na kigurudumu hicho asipewe mchezaji mpya.

Kiti cha kila siku cha hospitali hakifai kwa mechi ya ushindani. Ni kizito, kina vishikio mgongoni na sehemu za miguu zinazochomoza, na mtu akigeuka kwa kasi kinaelemea upande mmoja. Kitumike kwa mazoezi ya wanaoanza tu, taratibu.

Kuazimana viti kunataka utaratibu. Mechi inapoisha, anayetoka anahamia kwenye kiti chake cha kila siku, ambacho kilikuwa kimeegeshwa kivulini na mtu anayekilinda; hakuna jambo linaloudhi kama mtu kukuta kiti chake kimesogezwa na watoto waliokuwa wanakichezea. Kisha kiti cha michezo kinafutwa kwa kitambaa chenye dawa, mikanda inalegezwa, urefu wa sehemu ya miguu unarekebishwa, na anayeingia anaweka mto wake mwenyewe. Sisitiza kila mchezaji aje na mto wake. Wengi hawana hisia chini ya kiuno, na kukaa saa nzima kwenye kiti kigumu cha mtu mwingine ni njia ya haraka ya kupata kidonda cha mgandamizo ambacho kinaweza kumlaza kitandani kwa miezi. Zoezi lote hili, likifanywa bila papara, ni robo saa. Liweke kwenye ratiba kama sehemu ya mechi.

Kwa viwanja viwili vya mmoja kwa mmoja, viti vinne viko uwanjani muda wote. Ukiwa na vinne tu, kila mechi ikiisha mnasubiriana. Ukiwa na sita, viwili vinaandaliwa wakati wengine wanacheza, na siku inakwenda bila pengo. Sita ndiyo idadi ninayoiona ya chini kwa wachezaji wanane.

Droo

Usitumie mtoano. Mtu ametoka Morogoro usiku, ameomba ruhusa kazini, amelipiwa msaidizi, halafu afungwe ndani ya dakika 40 na kugeuka mtazamaji wikiendi nzima? Tumia makundi. Wachezaji wanane, makundi mawili ya watu wanne, kila mmoja anacheza mechi tatu. Jumla ni mechi 12 za makundi. Nusu fainali ziondoe: vinara wa makundi waende fainali moja kwa moja, wa pili wagombee nafasi ya tatu. Jumla mechi 14, na unaweza kupumua.

Mechi ziwe fupi: seti mbili za gemu nne, taibreki (gemu ya mwisho ya kuamua seti) ikifika 4-4, na wakitoshana nguvu seti moja moja wacheze taibreki ya pointi 10 badala ya seti ya tatu. Kwenye diusi, yaani gemu ikifika 40-40, pointi moja iamue. Kwa utaratibu huo mechi nyingi zitaingia kwenye dakika 45, na ukijumlisha robo saa ya kubadilisha viti unapata saa moja kamili kwa mechi.

Sasa jua. Dar usichezeshe kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri. Kila kundi liwe na uwanja wake, na kila mzunguko uwe na mechi mbili mfululizo. Ratiba ninayoipendekeza ni hii:

Jumamosi, saa 1:30 hadi 3:30 asubuhi, mzunguko wa kwanza. Kuanzia saa 4 hadi saa 5, darasa la wanaoanza, hasa watoto wenye ulemavu wa mtaani na wazazi wao. Saa 9:30 hadi 11:30 alasiri, mzunguko wa pili. Jumapili, saa 1:30 hadi 3:30 asubuhi, mzunguko wa tatu. Saa 4 hadi saa 5, mechi za mchanganyiko, ambapo aliye kwenye kiti hucheza pamoja na anayesimama. Saa 9:30 alasiri, mechi ya nafasi ya tatu kwenye uwanja wa pili, na saa 10:30 fainali, ikiwa peke yake ili watu wote waitazame. Zawadi zitolewe kabla jua halijazama, kwa kuwa kuna watu wa kupakia garini.

Kwa mpangilio huo hakuna anayecheza mechi mbili bila kupumzika. Ukibana mizunguko pamoja, lazima mtu mmoja wa kila kundi atoke mechi hii aingie nyingine, na mabega yake ndiyo yatakayolipa. Mabega hayo ndiyo anayosukumia kiti kwenda kazini Jumatatu.

Ikitokea wachezaji wamelingana kwa ushindi, wawili watenganishwe kwa mechi waliyokutana wenyewe. Wakiwa watatu, angalia asilimia ya seti walizoshinda, kisha ya gemu. Liandikeni hilo kabla ya mechi ya kwanza, lisomwe kwa sauti.

Wanawake watakuwa wachache mwaka wa kwanza. Hata wakiwa watatu, wape kundi lao, kombe lao na muda wao, badala ya kuwatupa kwenye kundi la wanaume. Watatu ni mechi tatu tu, na zinaenea vizuri pembeni mwa ratiba: moja baada ya kila mzunguko, kwenye uwanja utakaowahi kuwa wazi. Darasa na mchanganyiko vitumie uwanja uliobaki. Idadi yao ya mwaka wa pili itategemea walivyotendewa mwaka huu.

Mechi za mchanganyiko ndizo zinazoifanya shughuli iwe ya mtaa mzima. Kila timu ina mtu mmoja kwenye kiti na mmoja anayesimama. Wa kwenye kiti anapewa midundo miwili, anayesimama mmoja. Vijana wa klabu wanaojiona mabingwa hugundua haraka kwamba mwenzao aliye kwenye kiti anasoma mpira vizuri kuliko wao. Tena mnatumia viti viwili tu kwa uwanja.

Kujiandikisha na usafiri

Fungua uandikishaji miezi mitatu kabla, ufunge wiki tatu kabla. Wapitie wachezaji kwenye vyama vya watu wenye ulemavu vya wilaya, vituo vya tiba ya viungo na utengamao, shule jumuishi, na makundi ya WhatsApp ya mpira wa kikapu wa viti mwendo, ambako utapata watu wenye mikono tayari. Fomu iulize jina, umri, anacheza kwa mkono upi, ana kiti cha michezo au la, upana wa kiti anachokalia, anatoka wapi, anakuja na msaidizi, ana mahitaji gani ya choo na dawa, na namba ya ndugu wa kupigiwa. Maswali ya afya aulize mtu mmoja kwa simu, kwa faragha, na majibu yasiwekwe kwenye kundi.

Usafiri ndio utakaokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, na ndipo kamati nyingi zinapobana matumizi. Msibane hapo. Daladala wakati wa msongamano hazimchukui mtu mwenye kiti. Mabasi ya mwendokasi yana vituo vilivyo usawa na mlango, kwa hiyo wanaoishi karibu na njia hiyo wanaweza kuja nayo mkimtuma mtu wa kuwapokea kituoni. Waliobaki wakodieni Coaster kwa watu na Canter kwa viti. Viti visirundikwe. Chomoeni magurudumu, fungeni kila jozi na fremu yake kwa kamba, andikeni jina la mwenyewe kwenye tepu, na wekeni magodoro au maturubai kati. Gurudumu lililopinda njiani halinyooki uwanjani.

Vijana wa kusaidia kupandisha watu wafundishwe jambo moja kabla ya yote: muulize mwenyewe anavyotaka kusaidiwa, kisha fanya hivyohivyo. Kuna anayetaka kubebwa mgongoni, kuna anayetaka ushike kiti tu asukumike mwenyewe, kuna asiyetaka kuguswa kabisa.

Watu wa siku hiyo

Fundi baiskeli wa kijiweni ndiye mtu wa kwanza kumtafuta. Mlipe, asije kwa kujitolea, na awepo tangu kiti cha kwanza kinashushwa mpaka cha mwisho kinapandishwa. Awe na pampu yenye geji, kwa kuwa tairi za viti hivi ni nyembamba na hutaka upepo mkali unaoandikwa ubavuni mwake. Viraka na solusheni, tyubu za akiba, njiti za gurudumu, spana za L za saizi zote, grisi na waya. Tairi na tyubu za viti vya michezo hazipatikani kila duka la baiskeli, hivyo pima saizi mapema na uagize. Kwenye kanuni zenu andikeni dakika ngapi mchezaji anapewa kiti kikiharibika katikati ya mechi, na kwamba anaruhusiwa kumalizia kwa kiti kingine.

Waamuzi wapewe semina ya nusu siku, uwanjani, wakiwa na wachezaji wawili wanaowaonyesha. Midundo miwili, kiti kugongwa, msukumo mmoja wa sevu: warudie mpaka sauti iwatoke bila kusita.

Waokota mipira ni watoto wa shule ya jirani, na kazi yao hapa ni nzito. Mchezaji mzoefu huokota mpira mwenyewe kwa namna inayopendeza kutazama: anaubana kati ya raketi na gurudumu, anasukuma kiti kidogo, gurudumu linaupandisha mpaka mkononi. Lakini kuufanya hivyo kila pointi kunachosha. Wafundishe watoto kumpelekea mpira kwa mdundo mmoja laini unaofika usawa wa mkono wake, wasishike kiti wala kuegemea, na wasipite nyuma yake anapojiandaa.

MC naye apewe maelekezo. Amtaje mchezaji kwa jina, anakotoka na matokeo yake. Habari za ajali na magonjwa si za kutangaza kwenye spika, isipokuwa mwenyewe ameomba.

Joto na afya

Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu hatoki jasho vizuri chini ya jeraha, kwa hiyo mwili wake unachemka bila dalili ambazo mmezoea. Wekeni turubai kila upande wa uwanja, maji ya kunywa, barafu, taulo zilizolowekwa na chupa za kunyunyizia maji usoni na shingoni. Vyuma vya kiti kilichoachwa juani huunguza ngozi isiyo na hisia. Viti vyote vikae kivulini.

Msimamizi wa huduma ya kwanza ajue hatari moja mahususi. Kwa walioumia uti wa mgongo kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla, mara nyingi kwa sababu kibofu kimejaa au mrija wa mkojo umejikunja. Dalili ni kichwa kuuma sana, uso kuiva au kutoka jasho, na moyo kubadilika mapigo. Usimlaze. Mkalishe wima, legeza mikanda na nguo, angalia mrija na kibofu, na kama haipungui mara moja, hospitali. Gari la dharura liwe na dereva ndani yake, limeelekea getini.

Malengelenge ya vidole gumba ni ya kawaida, kwani mchezaji anasukuma gurudumu huku ameshika raketi. Weka tepu na bendeji za kutosha.

Fedha

Andika bajeti kwa mpangilio huu wa umuhimu: usafiri, fundi na vipuri, choo na mteremko, maji na chakula, mipira, waamuzi, malazi ya wanaotoka mbali, kisha zawadi na mapambo. Ukipungukiwa, kata kuanzia mwisho. Wadhamini wa mtaani hutoa vitu kwa urahisi kuliko fedha: mwenye mabasi atatoa gari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi atatoa mbao, mama lishe watapika kwa bei ya mtaji mkiwapa unga, mchele na nyama. Mchango wa fedha upitie akaunti au namba ya kikundi yenye wasimamizi wawili, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye kundi ndani ya wiki mbili. Mchangiaji aliyeona hesabu hachoki kuombwa mwakani.

Zawadi nzuri ni zile zinazorudi kwenye mchezo: jozi ya tairi, mto wa kukalia, raketi, glavu. Pesa taslimu ndogo iliyogawanywa kwa watatu wa kwanza haibadilishi chochote.

Baada ya fainali

Jumatatu jioni kamati ikutane na wachezaji watatu au wanne, wakiwemo waliofungwa mechi zote. Waulizwe kuhusu geti, choo, gari, kiti na mwamuzi, na majibu yaandikwe kwa majina ya watu watakaorekebisha. Tarehe ya mwakani itangazwe wiki hiyohiyo.

Viti vikaguliwe kimoja kimoja kabla ya kuhifadhiwa. Fundi aandike kila kasoro, aifanyie kazi wakati bado fedha ipo, afute chumvi na jasho kwenye vyuma, maana kutu ya Pwani haisubiri, apake grisi na kuning'iniza magurudumu ukutani. Funguo za stoo zikae kwa mtu anayeishi karibu na uwanja, kwa sababu kuanzia Jumamosi inayofuata viti hivyo vinahitajika tena: wale watoto wa darasa la saa 4 wameshaambiwa warudi, na ombeni klabu iwape saa mbili kila wiki, uwanja mmoja, mwaka mzima.